Bibi Fannie Lou Hamer na Mtihani wa Kusoma

Somo la redio kwa vikundi vya kisomo cha watu wazima. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyotangazwa.

Nadhani kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, na redio imewekwa mahali ambapo hata walio nyuma wanaisikia. Mwalimu, kabla hatujaanza, andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: MIZANI, KARANI, FOMU. Tutayakuta maneno hayo katika habari ya leo, nayo ni habari ya kweli.

Leo nataka kuwaeleza maisha ya mama mmoja mkulima, Mbaptisti, aliyeishi karibu na mji mdogo wa Ruleville, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Jina lake Fannie Lou Hamer. Nimemchagua kwa sababu kila nikizuru vikundi naulizwa swali lile lile: "Bwana Afisa, sisi tumekwisha kuwa watu wazima. Kusoma kutatufaa nini?" Siku hizi sijibu kwa maneno mengi. Namweleza mwulizaji juu ya mama huyu ambaye, akiwa na umri wa miaka 44, alipewa na jimbo lake mtihani wa kusoma, akaambiwa ameshindwa, ingawa kusoma alijua.

Tuanze na wazazi wake. Baba alikuwa James Lee Townsend, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti. Mama alikuwa Lou Ella. Fannie Lou alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto ishirini. Naam, ishirini; hamkusikia vibaya. Alipokuwa na miaka miwili hivi jamaa yote ikahamia wilaya ya Sunflower, nchi tambarare yenye udongo mweusi, ambako pamba ilistawi hata upeo wa macho.

Ninyi mnaolima pamba mnajua taabu yake: palizi, wadudu, na vidole vinavyochomwa na maganda makavu wakati wa kuchuma. Lakini wale walikuwa na taabu nyingine juu ya hiyo. Shamba halikuwa lao. Walilima kwa kugawana nusu kwa nusu na mwenye shamba. Yeye alitoa ardhi na nyumba ya mbao. Mbegu, mbolea na chakula walikopa kwake, tena mara nyingi katika duka lake mwenyewe. Mwisho wa mwaka pamba ikapimwa kwa mizani yake, deni likasomwa katika daftari lake, na kilichobaki katika ile nusu ya mkulima kikawa kidogo sana, au hakikubaki kitu. Mkulima asiyejua hesabu angepinga kwa ushahidi gani? Na hata yule aliyejua hesabu, angeshtaki kwa nani?

Fannie Lou alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Alicheza kando ya barabara, mwenye shamba akapita na gari akamwuliza kama anaweza kuchuma ratili 30 kwa juma. (Ratili moja ni kama nusu kilo.) Akamwambia kwamba akiweza, atamchukua dukani achague vitu vitamu na samaki wa kopo. Mtoto akajitahidi, akapata. Juma lililofuata akatakiwa ratili 60. Bibi Hamer alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba siku ile alikuwa amenaswa bila kujua. Alipofika miaka 13 alichuma ratili 200 hata 300 kwa siku, naye alichechemea, maana utotoni aliugua ugonjwa wa kupooza.

Shule je? Shule ya watoto weusi ilifunguliwa kama miezi minne tu kwa mwaka, pamba ikiwa imekwisha. Fannie Lou alipenda sana kusoma. Katika mashindano ya kutaja herufi za maneno alikuwa wa mbele. Lakini alipofika darasa la sita, akiwa na miaka kama 12, akaacha ili awasaidie wazazi wake waliokuwa wamezeeka. Tangu hapo shule yake ikawa kanisa na Biblia. Yeyote kati yenu aliyeacha shule kwa ajili ya kuchunga ng'ombe au kulea wadogo zake atanielewa bila maelezo.

Nikae kidogo kwa mama yake, Lou Ella, maana bila yeye habari hii haikamiliki. Watoto walipokosa viatu wakati wa baridi aliwafunga miguu kwa matambara na kamba. Mavuno yalipokwisha alikwenda na wanawe shamba hadi shamba, kwa miguu, kuomba ruhusa ya kuokota pamba iliyosazwa na wachumaji, kama Ruthu wa Biblia alivyookota masazo ya mavuno. Mwaka mmoja jamaa ile ilianza kuinuka. Baba alikodi shamba, akanunua majembe ya kukokotwa, ng'ombe wawili na nyumbu watatu waitwao Ella, Bird na Henry. Nyumbu ni mtoto wa punda na farasi, hodari sana wa kulima. Usiku mmoja mtu akatia sumu katika chakula cha wanyama, wote wakafa. Walijua kwamba ni kazi ya jirani Mzungu ambaye hakupenda kuwaona wakipata mali. Wakarudi kulima kwa nusu. Baadaye Lou Ella akiwa kazini kipande cha mti kilimruka na kumpiga jichoni. Matibabu hayakupatikana, naye mwishowe akawa kipofu. Fannie Lou alimtunza nyumbani kwake mpaka alipokufa mwaka 1961.

Mwaka 1944 Fannie Lou aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta, ambaye watu walimwita Pap. Waliishi katika shamba kubwa karibu na Ruleville kwa miaka 18. Hawakupata kuwa na mtoto wao wa kuzaa aliyeishi, lakini waliwalea mabinti wawili wa watu wengine kama damu yao. Mwaka ule ule wa 1961 Bibi Hamer alikwenda hospitali kuondolewa uvimbe mdogo tumboni. Daktari akamwondoa kizazi bila kumwuliza. Habari hii hakuambiwa na daktari. Alipata kuijua kwa maneno yaliyotoka jikoni kwa mwenye shamba na kuenea shambani. Jambo hilo liliwapata wanawake weusi wengi wa huko siku zile.

Sasa tufike kwenye neno letu la kwanza, MIZANI. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, mwenye shamba alimfanya Bibi Hamer kuwa mwenye kuandika siku za kazi na uzito wa pamba wa kila mtu. Akaona kwamba jiwe la mizani lilikuwa la kuwapunja wachumaji. Akajitafutia jiwe lake la haki. Mwenye shamba akiwa mbali, alipima kwa jiwe la haki. Akimwona anakuja, akarudisha lile jingine. Mimi napenda sana sehemu hii ya habari zake, labda kwa sababu nimekulia kwa wakulima, na najua sura ya mtu anayetazama gunia lake likipimwa huku akijua moyoni kwamba anaibiwa. Tena tazameni: alikuwa bado hajasikia lolote juu ya kupiga kura. Alikuwa na penseli, daftari na jiwe la mizani, basi.

Mwalimu, zima redio kwa dakika tatu. Wanakisomo wasome neno MIZANI kwa sauti, halafu kila mmoja aliandike.

(Muziki)

Tuendelee. Agosti 1962 vijana wa chama kilichotetea haki za watu weusi walifanya mkutano katika kanisa la Kibaptisti la Williams Chapel mjini Ruleville. Bibi Hamer alikuwamo. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mweusi wa Mississippi ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura. Alikuwa na miaka 44! Walipoulizwa ni nani atakayekwenda kujiandikisha, alinyosha mkono juu kabisa.

Tarehe 31 Agosti 1962 watu 18 walipanda basi kuukuu la rangi ya manjano, wakasafiri maili 26 mpaka Indianola, makao makuu ya wilaya. Huko walimkuta KARANI wa kuandikisha wapiga kura, na karani akawapa FOMU. Hayo ndiyo maneno yetu mawili yaliyobaki.

Fomu ile ilikuwa na maswali 21. Ilitaka jina, tarehe, mahali unapokaa, tena jina la bwana aliyekuajiri. Mnaona hila iliyomo? Ukijaza ukweli, mwajiri wako anapata habari kabla hujafika nyumbani. Tena kwa sheria ya mwaka ule majina ya walioomba kuandikishwa yalichapwa katika gazeti. Baada ya hayo karani alichagua kifungu kimoja cha katiba ya jimbo, akamwambia mwombaji akinakili, kisha aeleze maana yake kwa maandishi. Aliyekuwa na mamlaka ya kusema kama maelezo yanatosha ni karani huyo huyo. Mzungu akipewa kifungu chepesi, mweusi alipewa kigumu. Bibi Hamer alipewa kifungu cha 16, kinachohusu sheria zinazorudi nyuma kuhukumu matendo yaliyokwisha kupita. Kukinakili alikinakili. Kueleza maana yake akashindwa. Baadaye aliwaambia watu kwa kicheko kwamba alijua juu ya sheria ile kiasi kile ambacho farasi anajua juu ya Sikukuu ya Krismasi.

Basi jueni kwamba mtihani ule haukuwekwa kupima kusoma. Uliwekwa ili mlango ufungwe, na kusoma kukafanywa kufuli. Wako waalimu na wahubiri weusi waliojaza fomu ile, nao wakaambiwa wameshindwa. Kwa hiyo msimcheke Bibi Hamer. Hata mimi mwenye diploma yangu nisingeweza kueleza kifungu kile bila kwenda kwanza kwa mwanasheria.

Wakati wa kurudi polisi walisimamisha basi. Kosa gani? Basi lina rangi ya manjano iliyozidi, walisema. Basi lile lile lilikuwa likichukua wachumaji wa pamba bila kuulizwa na mtu. Dereva akatozwa faini ya dola 100, wakabishana, ikashuka mpaka dola 30, na abiria wakachanga. Watu walikuwa na hofu katika basi lile, na Bibi Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani mpaka wakatulia.

Alipofika nyumbani usiku ule, mwenye shamba alikuwa amekwisha kupata habari. Akamwambia aende akaondoe jina lake, ama aondoke shambani. Bibi Hamer akajibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake bwana yule, alikwenda kujiandikisha kwa ajili ya nafsi yake. Akafukuzwa usiku huo huo baada ya kukaa miaka 18. Pap akalazimishwa kubaki mpaka mavuno yaishe, kisha naye akakosa kazi. Tarehe 10 Septemba risasi 16 zilipigwa katika nyumba ya rafiki zake mjini alikokuwa amepewa mahali pa kulala. Kwa bahati usiku ule hakuwamo.

Hapo mtu angeweza kusema imetosha. Lakini tarehe 4 Desemba 1962 alirudi Indianola, akamwambia karani kwamba atamwona kila siku thelathini mpaka afaulu. Katikati ya safari hizo alikuwa akijifunza katiba ya Mississippi, kifungu kwa kifungu, pamoja na vijana wa chama. Tarehe 10 Januari 1963 aliambiwa amefaulu. Akajiona ni mpiga kura. Siku ya kura ilipofika akaambiwa alete risiti za kodi ya kura za miaka miwili, dola 2 kwa kila mwaka. Risiti hizo hakuwa nazo, maana nani angemwandikia risiti kabla hajaandikishwa?

Hapa nitoke njiani kidogo nizungumze juu ya wanafunzi wenzenu. Katika jimbo jingine, South Carolina, palikuwa na kisiwa kinachoitwa Johns Island. Januari 1957 darasa la usiku la watu wazima lilianzishwa huko nyuma ya duka la ushirika, mahali ambapo wenye chuki wasingelitambua. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, ambaye kazi yake ilikuwa ya kutengeneza nywele za wanawake. Hakuwa amepata kusomea ualimu. Aliyepanga kazi ile alikuwa mwalimu Septima Clark. Bibi Robinson hakuanza na kitabu cha watoto. Aliwauliza wanafunzi wanataka kujua nini. Wakasema wanataka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kutuma fedha kwa posta, na kusoma kile kifungu cha karani. Basi hayo ndiyo akawafundisha. Madarasa ya namna ile yakaenea majimbo ya kusini, na Bibi Hamer alifunzwa katika mpango huo, naye akaenda kufundisha wengine.

Alikuwa akirudi kutoka mafunzo hayo tarehe 9 Juni 1963 basi lao liliposimama katika mji wa Winona, Mississippi. Wenzake waliingia mkahawani palipotengwa kwa ajili ya Wazungu, wakakamatwa. Bibi Hamer alishuka kuona kuna nini, naye akakamatwa. Gerezani askari waliwaamuru wafungwa wawili weusi wampige kwa rungu la ngozi, mmoja akichoka apokewe na mwenzake. Figo lake liliumizwa, na jicho moja halikuona vizuri tena. Hakupona kabisa mpaka kufa kwake. Askari wale walishtakiwa, na Desemba 1963 baraza la mahakama likasema hawana hatia.

Habari hiyo ya Winona aliieleza mwenyewe tarehe 22 Agosti 1964 katika mji wa Atlantic City, mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Yeye na wenziwe walikuwa wameunda chama chao cha Mississippi, kwa sababu wajumbe wa jimbo lao walichaguliwa na Wazungu peke yao. Alisema kwa dakika nane hivi, bila karatasi. Rais Lyndon Johnson akaitisha upesi mkutano na waandishi wa habari ili televisheni ziache kumwonyesha mama yule. Jioni vituo vikayarudia maneno yake yote, na nchi nzima ikasikia. Chama kikawapa viti viwili tu. Bibi Hamer akakataa. Akasema hawakusafiri mbali vile kwa ajili ya viti viwili, ilhali wote wamechoka.

Mwezi uliofuata alikuja Afrika, katika nchi ya Guinea, pamoja na vijana wa chama. Alishangaa kuona watu weusi wakiendesha ndege na kufanya kazi katika mabenki. Rais Sékou Touré mwenyewe alikuja kuwaamkia. Bibi Hamer aliona ajabu kwamba Rais wa nchi ya mbali amemjia, na ule wa kwake hakutaka hata asikiwe.

Tarehe 6 Agosti 1965 sheria mpya ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi, na mtihani wa kusoma ukasimamishwa Mississippi. Kabla ya sheria ile, katika kila watu wazima weusi 100 wa jimbo hilo hawakufika 7 walioandikishwa. Miaka miwili baadaye walikuwa karibu 60.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1967 binti yake mkubwa, mwenye watoto wachanga wawili, aliugua sana. Hospitali ya karibu ikakataa kumpokea, na wakampeleka mbali, mpaka Memphis. Hakupona. Bibi Hamer na Pap, wakiwa hawana fedha wala afya, wakawachukua wale wajukuu wawili wasichana wakawalea kama mabinti zao. Nyumba ile ilijaa watoto tena.

Nadhani ni kwa sababu hiyo kazi yake ya mwisho ilihusu chakula. Mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika karibu na Ruleville, ekari 40 kwanza, baadaye mamia. Walipanda mboga na maharagwe kwa ajili ya jamaa maskini, weusi hata Wazungu, na pamba kidogo ya kulipia ardhi. Palikuwa pia na benki ya nguruwe: jamaa ilipewa nguruwe jike, akizaa wakala na kufuga, na sehemu wakarudisha ili jirani naye apate. Alikuwa akisema kwamba mtu mwenye mboga shambani na nyama ya kuhifadhi hawezi kutishwa kwa njaa. Shamba lile halikudumu. Fedha zilikuwa haba, mafuriko na ukame vilikuja, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Katikati ya miaka ya 1970 likafa.

Bibi Hamer alikufa tarehe 14 Machi 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, akiwa na miaka 59. Alizikwa Ruleville, katika ardhi iliyokuwa ya ushirika wake. Pap alikufa mwaka 1992, akalazwa kando yake. Mwaka 2012 sanamu yake ilisimamishwa hapo, imeshika kipaza sauti. Januari 2025 Rais wa Marekani alimtunukia nishani kuu ya raia, miaka 47 baada ya kufa kwake.

Sasa mwalimu, gawa karatasi. Kila mwanakisomo achore mistari minne. Juu ya mstari wa kwanza aandike jina lake lote, la pili kijiji chake, la tatu kazi yake, la nne atie sahihi. Asiyeweza bado kutia sahihi aandike herufi ya kwanza ya jina lake. Dole gumba leo hatutaki. Karatasi zikikamilika, wabadilishane na jirani, kila mmoja aisome ya mwenzake kwa sauti. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma risiti ya mizani ya chama cha ushirika, mstari kwa mstari. Aliye nayo nyumbani aje nayo. Kwaherini.